Nani Anashika Mchoro? Funzo la ngano ya Hanang kwa wanaochagua programu za kihandisi

Ipo aina ya uamuzi ambayo hupita katika vikao vyetu bila kelele. Kamati ya zabuni hukutana, wauzaji hualikwa kuonyesha bidhaa zao, bei hulinganishwa, sahihi hutiwa, na jambo lote huitwa la kiufundi. Kwa kuwa limeitwa la kiufundi, wabunge hawaliulizi, wanafunzi wa historia hawalisomi, na mwananchi halisikii kabisa. Uchaguzi wa programu ya kusimamia maisha ya bidhaa katika kampuni ya kihandisi ni uamuzi wa aina hiyo. Makala hii inadai kwamba uamuzi huo ni wa kisiasa, na kwamba ushahidi wa dai hilo uko karibu nasi: katika nyanda za Basotu, si mbali na Maretadu, pale Wilaya ya Mbulu inapokutana na Wilaya ya Hanang.

Tuanze kwa kueleza programu hiyo hufanya kazi gani, maana wengi wetu tunaogopa majina kabla ya kujua vitu.

Kila kitu kinachotengenezwa kina maisha yake. Huanza kama wazo, huchorwa, hujaribiwa, hutengenezwa, huuzwa, huharibika, hutengenezwa tena, na mwisho hutupwa au huyeyushwa. Katika kila hatua ya maisha hayo kuna maarifa yanayozaliwa. Tuchukue mfano wa kubuni. Karakana moja ya Arusha inatengeneza mashine ya kupukuchua mahindi. Mwaka wa kwanza shafti yake ina kipenyo cha milimita 25. Mwaka wa pili beringi za ukubwa huo zinaadimika madukani, mhandisi anabadili shafti kuwa ya milimita 30, na puli nayo inabadilika. Mwaka wa tatu mkulima wa Maretadu, aliyenunua mashine ya mwaka wa kwanza, anavunjikiwa shafti katikati ya msimu. Anapiga simu. Je, karakana inajua mashine yake ni ya toleo lipi? Je, mchoro wa toleo la kwanza bado upo, au ulifutwa siku ule mpya ulipohifadhiwa kwa jina lilelile? Je, mhandisi aliyebadili kipimo aliandika sababu yake, au sababu hiyo aliondoka nayo alipohamia Dar es Salaam?

Programu ya kusimamia maisha ya bidhaa ipo ili kujibu maswali hayo. Inatunza michoro na matoleo yake, orodha ya vijenzi vya kila mashine, kumbukumbu ya nani aliomba mabadiliko, nani aliyaidhinisha na kwa sababu gani, pamoja na taarifa za matengenezo zinazorudi kutoka kwa mtumiaji. Kwa ufupi, programu hiyo ni kumbukumbu ya kampuni. Anayeichagua anachagua mahali ambapo kumbukumbu hiyo itakaa, lugha itakayoandikwa nayo, na mtu atakayeshika ufunguo wake.

Ngano na mashine zake

Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Tanzania ilikuwa na hoja inayoeleweka kwa urahisi. Watu wa mijini walikuwa wanazidi kula mkate na chapati, na fedha za kigeni zilikuwa zinatumika kununua ngano nje. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, liliundwa mwaka 1969. Kanada, nchi inayolima ngano kwa wingi, ikakubali kusaidia kwa fedha, wataalamu, utafiti wa mbegu na mashine. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 yakafunguliwa mashamba makubwa saba katika nyanda za Hanang: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Waret. Kila moja lilikuwa na ukubwa wa takriban ekari 10,000.

Kwa kipimo cha magunia, mradi huo haukuwa wa mzaha. Ngano ilivunwa, na mashamba hayo yakawa chanzo kikubwa cha ngano iliyozalishwa nchini. Vijana wa Kitanzania walipelekwa Kanada kusoma kilimo na ufundi. Yeyote anayeandika historia hii kama kichekesho cha wazungu na matrekta yao hawatendei haki Watanzania waliofanya kazi pale.

Hata hivyo, tuutazame uchaguzi wenyewe wa mashine. Kilimo kilichopandikizwa Hanang kilikuwa kilimo cha nyanda za Saskatchewan: shamba lisilo na mwisho, watu wachache, matrekta makubwa na mashine za kuvunia zinazofanya kazi ya mamia ya watu. Mashine hizo zilitoka Kanada kwa sababu msaada wenyewe ulifungwa kwa masharti. Sehemu kubwa ya misaada ya Kanada ya wakati ule ilipaswa kutumika kununua bidhaa na huduma za Kanada. Hapo hapakuwa na ushindani wa zabuni kwa maana tunayoifahamu leo. Aliyetoa fedha ndiye aliyechagua aina ya mashine, na kwa kuchagua mashine alichagua pia vipuri, vitabu vya mafundi na lugha ya vitabu hivyo.

Trekta lilipowasili Basotu lilikuja na maisha yake yote ya baadaye. Chujio litakalozibwa na vumbi, mkanda utakaokatika, giaboksi itakayosagika baada ya saa kadhaa za kazi, vyote vilikuwa vimekwisha kuandikwa katika michoro iliyobaki ng'ambo ya bahari. Sisi tulipewa trekta na kitabu cha kulitumia. Mchoro haukuwa sehemu ya mkataba, na sidhani kama kuna mtu aliyeuomba.

Kisha ikaja miaka migumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikula akiba ya taifa. Bei ya mafuta ilipanda na bei ya kahawa ikashuka. Fedha za kigeni zikawa adimu kiasi kwamba kiwanda kingeweza kusimama kwa kukosa kipuri cha bei ndogo. Katika hali hiyo, shamba lenye mashine za kigeni lilihitaji mfadhili aendelee kuwapo ili liendelee kulima. Tanzania ilitia sahihi makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, shilingi ikashushwa thamani, na kila kipuri kikawa ghali zaidi kwa hesabu ya shilingi. Kanada ilipohitimisha ushiriki wake mwanzoni mwa miaka ya 1990, NAFCO ilibaki na mashine zinazozeeka na bila njia ya uhakika ya kuzirithisha. Hatimaye shirika liliingia katika mkondo wa ubinafsishaji. Baadhi ya ardhi ilirudishwa kwa wananchi, na mashamba mengine yakapelekwa kwa wawekezaji.

Linganisha na jembe la kukokotwa na maksai, ambalo wakulima wa Mbulu walilipokea na kulifanya lao. Jembe hilo nalo lilitoka ugenini. Lakini ncha yake ikichakaa, fundi wa kijijini huifua. Mpini ukivunjika, mti upo. Uhodari wa jembe hilo haukutokana na udogo wake. Ulitokana na ukweli kwamba mkulima na fundi wake walikuwa wameushika mchoro wote kichwani. Maarifa ya maisha ya zana yalikaa pale zana ilipokaa.

Kumbukumbu iliyoachwa nje

Hanang inatufundisha jambo la pili, nalo ni zito kuliko la vipuri.

Nyanda zilizolimwa ngano hazikuwa tupu. Zilikuwa malisho ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga, waliokuwa wakihamisha mifugo yao kwa majira kutoka aina moja ya malisho hadi nyingine. Nyanda zenye rutuba, wanazoziita muhajega, zilikuwa kiungo muhimu katika mzunguko huo. Ukizikata hizo, mzunguko wote huyumba. Katika nyanda hizohizo kulikuwa na bung'eda, vichuguu vya makaburi ya wazee wao waliotukuka, ambavyo ni mahali pa ibada na pia alama ya historia ya koo. Matrekta yalipita juu ya vingi kati ya hivyo.

Tunaweza kusema kwamba dereva wa trekta hakuwa na nia mbaya. Inawezekana. Lakini ramani aliyopewa haikuwa na alama ya bung'eda. Wapangaji wa mradi walikuwa na kumbukumbu nzuri sana za udongo, mvua, mbegu, mafuta na mavuno kwa ekari. Makaburi hayakuwa na safu yake katika daftari, wala mzunguko wa malisho haukuwa nayo. Kitu kisichokuwa na safu katika daftari la mradi kilihesabiwa kuwa hakipo.

Wananchi walikwenda mahakamani. Katika shauri la Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wenzake 67 dhidi ya NAFCO, Mahakama Kuu ilikubaliana nao. NAFCO ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo katika hukumu iliyochapishwa katika taarifa za sheria za mwaka 1985. Miongoni mwa hoja zake, Mahakama ilisema halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kwamba ardhi iligawiwa kwake kwa utaratibu wa kisheria, na kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni. Tafakari maana yake, msomaji. Watu ambao makaburi ya babu zao yalikuwa yanalimwa walitakiwa kuleta uthibitisho kwamba ni wenyeji. Upande mmoja ulikuwa na karatasi. Upande mwingine ulikuwa na kumbukumbu ambayo sheria haikujua kuisoma.

Nimeleta habari hii katika makala kuhusu programu za kihandisi kwa sababu moja. Kila mfumo wa kumbukumbu, uwe daftari, ramani au programu, huamua mapema ni maswali gani yanaweza kuulizwa. Aliyeunda safu ndiye aliyeamua. Mfumo uliobuniwa kwa ajili ya kiwanda cha magari cha Ulaya utakuwa na safu ya kila kitu ambacho kiwanda hicho hukihofia. Hautakuwa na safu ya fundi wa Haydom aliyegundua kwamba beringi ya pikipiki inaingia mahali pa beringi ya mashine ya kusaga, wala safu ya mkulima aliyechomelea kipande cha chuma pale mhandisi alipoona bati linatosha. Maarifa hayo yapo, tena ni mengi, na mara nyingi ndiyo yanayofanya mashine iendelee kuishi. Mfumo usioyapokea utayapoteza kwa utulivu uleule ambao ramani ya ngano iliyapoteza makaburi.

Wenzetu walipitia njia gani

Isidhaniwe kwamba suala hili ni la nchi maskini peke yake. Wazo la kukusanya maarifa yote ya bidhaa mahali pamoja lilipata nguvu katika miaka ya 1980, na mfano unaotajwa mara nyingi ni wa American Motors, kampuni ndogo ya magari ya Marekani iliyokuwa ikitengeneza Jeep. Mnamo mwaka 1985, ikishindana na kampuni kubwa zenye fedha nyingi kuliko yenyewe, iliamua kuharakisha ubunifu kwa kuchora kwa kompyuta na kuhifadhi michoro yote katika hazina moja ambayo kila mhandisi angeweza kuifikia. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Chrysler mwaka 1987, na utaratibu wake ukaenea katika kampuni iliyoinunua. Tuone jambo hilo: aliyekuwa mdogo ndiye aliyehitaji kumbukumbu nzuri kwanza, kwa sababu hakuwa na fedha za kurudia makosa.

Boeing nayo ilichora ndege yake ya 777, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1994, kwa kompyuta badala ya kutegemea michoro ya karatasi. Mwaka huohuo Shirika la Kimataifa la Viwango lilianza kuchapisha kiwango cha ISO 10303, ambacho wahandisi hukiita STEP, ili mchoro uliotengenezwa katika programu moja uweze kusomwa na programu nyingine. Kiwango hicho hakikuletwa na anasa. Kilitokana na hofu ya watengenezaji wakubwa kwamba michoro yao ingefungwa ndani ya programu ya muuzaji mmoja.

Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Airbus ilipokuwa inaunda ndege yake kubwa ya A380, wahandisi wa Hamburg walitumia toleo la zamani la programu ya CATIA na wenzao wa Toulouse walitumia toleo jipya zaidi. Matoleo hayo mawili ya programu moja hayakuelewana sawasawa. Vifurushi vya nyaya vilivyotengenezwa Ujerumani vilipofikishwa Ufaransa kuunganishwa, vilikuwa havitoshi mahali pake. Mwaka 2006 kampuni ilitangaza ucheleweshaji, viongozi wa juu wakajiuzulu, na ndege ya kwanza ikakabidhiwa kwa Singapore Airlines mwezi Oktoba 2007, hasara ikiwa imehesabiwa kwa mabilioni. Iwapo kampuni yenye uwezo huo iliangushwa na matoleo mawili ya programu, karakana yetu yenye wahandisi kumi haina sababu ya kulidharau swali hili.

Nyumbani, serikali yenyewe ina uzoefu unaofaa kusomwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Hazina ilianza kutumia mfumo wa kihasibu ulionunuliwa kutoka nje, kwanza Platinum na baadaye Epicor. Kumbukumbu za watumishi wa umma zilitunzwa kwa miaka mingi katika mfumo wa Lawson. Mifumo hiyo ilisaidia. Asiyekumbuka vitabu vya malipo vya kuandikwa kwa mkono asiwahukumu walioinunua. Lakini baadaye serikali iliamua kujenga mfumo wake wa malipo, MUSE, ikafuatia kwa mfumo mpya wa taarifa za kiutumishi, na mwaka 2023 ikaanzisha NeST kwa ajili ya ununuzi wa umma. Mtumishi wa umma anayesoma makala hii huenda anayo malalamiko yake kuhusu mifumo hiyo, na huenda ni ya haki. Tofauti ni kwamba sasa malalamiko yanaweza kupelekwa kwa mtu aliyeko nchini, mwenye uwezo wa kufungua mfumo na kuubadili.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Tuna taasisi zinazobuni mashine. SIDO iliundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo. TEMDO na CAMARTEC, zote za Arusha, ziliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya usanifu wa mitambo na zana za vijijini. Kibaha kuna Nyumbu, na Kilimanjaro kuna KMTC. Pembeni mwake kuna karakana binafsi nyingi zinazokereza, kuchomelea na kuunda mashine ambazo huishia vijijini. Taasisi hizi zikiwa zinaingia katika kutunza michoro kwa kompyuta, kila moja itakutana na wauzaji. Ningependa zikutane nao zikiwa na maswali ambayo Hanang imetuachia.

Swali la kwanza ni la kutoka. Wauzaji hupenda kueleza jinsi ya kuingia katika mfumo wao. Sisi tuulize jinsi ya kutoka. Siku mkataba ukiisha, je, michoro, orodha za vijenzi na historia ya mabadiliko vitatoka katika muundo unaosomeka na programu nyingine? Kuweza kutoa mchoro peke yake hakutoshi, maana mchoro bila historia yake ni mwili bila jina. Jaribio lifanyike kabla ya malipo: bidhaa moja iingizwe, itolewe, na isomwe kwingine.

La pili ni la fedha. Leseni nyingi leo hulipwa kila mwaka, tena kwa dola. Tumeona mwaka 2023 jinsi dola zinavyoweza kuadimika hata kwa mfanyabiashara mwenye shilingi zake mkononi. Leseni ya kila mwaka ni kipuri cha aina mpya: usipokilipia, trekta linasimama. Gharama ihesabiwe kwa miaka kumi, si kwa mwaka wa kwanza ambao huwa na punguzo, na hesabu iwe na fungu la kuhamisha kumbukumbu za zamani na la kuwafundisha watu. Mara nyingi fungu hilo la mwisho ndilo hukatwa kwanza, na ndilo lililobeba mradi.

La tatu ni la mahali. Kumbukumbu zikikaa katika seva zilizo nje ya nchi, sheria za nani zitazitawala? Mtandao ukikatika, karakana itaweza kufungua mchoro wake? Swali hili halina jibu moja. Kuna kampuni ambayo seva ya mbali ni salama kuliko kompyuta iliyowekwa chini ya meza yenye vumbi. Linalotakiwa ni kwamba uchaguzi ufanywe kwa makusudi, na nakala kamili ibaki mikononi mwa kampuni wakati wote.

La nne ni la safu. Je, mfumo unaweza kuongezewa safu zetu wenyewe, bila kumlipa mshauri kutoka nje kila mara? Je, fundi wa Dongobesh anaweza kuingiza taarifa ya kuharibika kwa mashine kwa Kiswahili, kupitia simu yake, na taarifa hiyo ikafika kwa mhandisi aliyechora? Mfumo ambao mwisho wake ni mlango wa kiwanda unasimamia nusu ya maisha ya bidhaa. Nusu nyingine inaishi shambani.

La tano ni la watu. Nani ndani ya kampuni ataumiliki mfumo, na akiondoka nani atabaki anaujua? Hapa ndipo wapenzi wa mifumo ya kujengewa nyumbani wanapaswa kusikiliza. Mfumo uliojengwa na kijana mmoja hodari, bila maelezo ya maandishi, ni tegemezi kuliko leseni ya kigeni. Kanada angalau ilikuwa na anwani. Uzalendo hautibu ukosefu wa kumbukumbu. Vivyo hivyo kwa programu huria zisizo na ada ya leseni: zinatupa haki ya kufungua na kubadili, lakini haki hiyo haina faida pasipo mtu aliyefundishwa kuitumia.

Kabla ya maswali yote hayo kuna sharti moja la msingi. Kampuni isiyo na utaratibu wa kutoa namba kwa michoro yake, wa kuandika toleo na tarehe, na wa kumtaka mtu mmoja atie sahihi kabla kipimo hakijabadilishwa, haitapata utaratibu huo kwa kununua programu. Itapata vurugu zilezile, sasa zikiwa zinalipiwa ada. Daftari lenye nidhamu ni mwanzo mzuri kuliko programu ghali isiyo na nidhamu. Karakana ndogo ianze na daftari hilo, kisha ihamie kwenye kompyuta ikiwa inajua inahamisha nini.

Kuna watakaosema kwamba nimelitwika jambo dogo mzigo mkubwa, kwamba programu ni chombo tu na ngano ya Hanang ilikwisha zamani. Jibu langu ni kwamba hata trekta liliitwa chombo tu. Waliolichagua hawakufikiri kuwa wanachagua mfadhili wa miaka ishirini, aina ya kilimo, na hatima ya malisho ya watu. Uamuzi huo mkubwa ulikuwa umefichwa ndani ya uamuzi mdogo, na ulipitishwa na watu walioamini kwamba wanashughulikia ufundi peke yake.

Wanafunzi wa uhandisi waisome historia ya NAFCO kabla hawajakabidhiwa zabuni. Wanafunzi wa historia na sheria nao wajifunze orodha ya vijenzi ni kitu gani, ili siku wakiwa wajumbe wa bodi wasinyamaze jambo linapoitwa la kiufundi. Watumishi wa umma wanaoandaa mahitaji ya zabuni wana nafasi kubwa kuliko wanavyodhani, kwa kuwa sentensi moja katika hati ya mahitaji, inayosema kwamba kumbukumbu zote ni mali ya mnunuzi na zitatolewa kwa ukamilifu pale atakapozihitaji, inaweza kuamua mambo ya miaka mingi.

Tanzania imekuwa ikisema kwa muda mrefu kwamba inataka viwanda. Kiwanda ni majengo, mashine na watu, lakini kinachokifanya kiendelee baada ya majengo kuchakaa na watu kustaafu ni kumbukumbu ya namna vitu vinavyotengenezwa na sababu za kutengenezwa hivyo. Mkulima wa Maretadu aliyevunjikiwa shafti katikati ya msimu hahitaji kujua jina la programu iliyochaguliwa Arusha. Anahitaji mtu anayeweza kupokea simu yake na kumwambia, kwa uhakika, kipimo cha chuma anachopaswa kukitafuta.